Kabichi, pompi na koksineli: misimu minne bondeni

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyoniuma kwanza. Septemba 2021 nilipanda kabichi 1,200 bondeni upande wa Mudaka, karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye kipande nilichokodi kwa dola 50 msimu mzima. Nilipomaliza kuvuna, zilizouzika zilikuwa 310. Nyingine zilitobolewa kama chekeche, au zilijaa vidukari ndani kwa ndani hadi mteja akifungua majani mawili anakurudishia. Na nilikuwa nimepiga dawa mara kumi na moja.

Ng'ambo ya mtaro, hatua kama ishirini kutoka kwangu, analima bibi mmoja ambaye bonde zima linamwita Koko. Msimu ule alikuwa na kabichi 60 hivi, zimechanganyika na maharage, lengalenga na magugu ambayo hana tena nguvu ya kuyang'oa yote. Hana pompi ya kupulizia dawa. Kabichi zake zilikuwa na matundu, sikatai, lakini zilifunga vizuri na hazikuwa na ule unga wa kijivu wa vidukari. Nilijiambia ana dawa yake ya siri. Au udongo wa upande ule ni bora. Nilimwonea wivu miezi mitatu bila hata kumwuliza.

Mimi si mtoto wa shamba. Kwa miaka sita nilikuwa nauza mboga soko la Nyawera, naamka saa tisa usiku kugombania vitunga vinavyoshuka kutoka Kabare. Kabichi niliijua kwa uzito wake mkononi. Ilivyokua sikujua. Bei ya jumla ilipopanda nikapiga hesabu ya mtu wa sokoni: kama mkulima ananiuzia kwa franka elfu moja, yeye anabaki na ngapi? Nikakopa dola 200 kwenye AVEC yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikaingia bondeni na buti mpya.

Dawa nilinunua kwa mtu anayeipima kwenye chupa ndogo, zile zilizokuwa za dawa ya kikohozi. Hakuna karatasi, hakuna jina. Maelezo ni ya mdomo: kizibo kimoja kwa pompi, ukiona wamekuwa sugu weka viwili. Baadaye sana, duka jingine liliponionyesha chupa zenye maandishi, nilitambua harufu na rangi: moja ilikuwa lambda-sihalothrini, nyingine mchanganyiko wa profenofosi na saipamethrini. Siwezi kuapa. Ndiyo shida ya kununua kitu kisicho na jina, hata kosa lako huwezi kulitaja vizuri.

Ninachokumbuka ni furaha ya mara ya kwanza. Nilipiga jioni, asubuhi viwavi wananing'inia wakiwa wamekufa, vidukari wamekauka, hata sisimizi hakuna. Shamba kimya kabisa. Nilipiga picha nikamtumia mama yangu. Sikujua kwamba kile kimya ndicho kilichokuwa kibaya.

Siku ya tisa vidukari walikuwa wamerudi. Nikapiga. Wakarudi baada ya wiki. Nikaanza kupiga kila Jumamosi, kuwe na wadudu au wasiwepo, kama mtu anayekwenda misa. Kadiri nilivyopiga ndivyo walivyoongezeka, na kadiri walivyoongezeka ndivyo nilivyoamini kwamba dawa haitoshi.

Msimu B, kuanzia Februari 2022, niliweka vizibo viwili na nikachanganya dawa zote mbili katika pompi moja. Bila glavu, kitambaa cha kawaida tu mdomoni. Usiku ngozi ya mgongo, pale pompi inapovujia, iliwasha hadi sikulala, na kichwa kiliuma siku nzima iliyofuata. Nilidhani ni jua. Nalisema hili kwa aibu: kuna Jumanne nilivuna kabichi nilizokuwa nimezipiga Jumamosi, nikazipeleka sokoni. Wakati ule neno la kusubiri siku kadhaa kati ya dawa na mavuno sikuwa nimelisikia kwa mtu.

Aliyenisimamisha ni kijana mmoja mwanafunzi wa kilimo, anayesoma Bukavu. Alikuja bondeni na daftari kuhesabu wadudu kwa ajili ya kazi yake ya mwisho, akaomba ruhusa aingie kwangu. Nikamwambia kwangu hatapata mdudu wa kuhesabu isipokuwa wale wanaonifilisi. Akacheka, akapiga magoti, akaanza kugeuza majani. Kwangu alihesabu vidukari tu, safu baada ya safu, kisha akaruka mtaro kwa Koko. Baada ya nusu saa akaniita.

“Yaya, njoo uone makaburi.”

Alikuwa ameshika jani la kabichi ya Koko. Kati ya vidukari wa kijivu kulikuwa na wengine waliovimba, mviringo, rangi ya mkate, wagumu kama mbegu. Nilikuwa nimewaona mara nyingi, nikadhani ni vidukari wazee. Akanipa lenzi. Wengi walikuwa na tundu la duara mgongoni, limekatwa safi kama kifuniko cha kopo. Akanieleza kwamba kuna nyigu mdogo sana, mdogo kuliko sisimizi, asiyeuma mtu, anayemdunga kidukari na kutaga yai moja ndani yake. Mtoto anamla kidukari kutoka ndani, anamwacha ganda, anatoka kwa lile tundu na kwenda kudunga wengine. Kizazi kizima kinachukua kama wiki mbili, na huku kwetu penye baridi ni zaidi kidogo. Kila ganda la rangi ya mkate ni kidukari mmoja asiyezaa tena, na ni nyigu mmoja wa wiki ijayo.

Kisha akanionyesha kitu kilichonitoa jasho. Kwenye jani jingine kulikuwa na kidudu kirefu, cheusi, chenye madoa ya chungwa na miguu sita karibu na kichwa, kama mamba mdogo. Nikanyoosha mkono kukiponda, kwa mazoea. Akanishika.

“Huyo iko mtoto ya koksineli.”

Koksineli mwenyewe nilimjua, yule mwekundu mwenye madoa meusi, mviringo kama nusu ya njegere. Watoto wetu humweka kiganjani na kumpuliza aruke. Lakini mtoto wake hafanani naye hata kidogo, na hakuna aliyenifundisha. Mtoto huyo mmoja anakula vidukari mia kadhaa kabla ya kugeuka mkubwa. Mimi niliwaponda kwa vidole vyangu misimu miwili, nikijisifu kwamba napalilia kwa makini. Pompi naweza kumlaumu aliyeniuzia. Vidole vilikuwa vyangu.

Kulikuwa na wa tatu, kitu kama konokono asiye na gamba, kijani cha maji, hana miguu, amejilaza katikati ya vidukari. Huyo pia nilikuwa nikimfuta kwa jani. Ni mtoto wa nzi wa maua, yule anayesimama hewani bila kusogea na ambaye kila mtu anadhani ni nyuki.

Kwa nini sasa kwangu kulikuwa na vidukari wengi kuliko kwa Koko? Kijana aliniambia nihesabu kama mwanamke wa sokoni. Kidukari hahitaji dume. Anazaa watoto hai, majike, na mtoto wa leo anaweza kuwa mama baada ya siku saba au kumi. Koksineli kutoka yai hadi ukubwa anataka wiki tatu, nne, hata zaidi penye baridi. Dawa ikipita, wanakufa wote, isipokuwa vidukari wachache waliojificha ndani ya jani lililokunjwa. Wale wachache wanaamka kwenye shamba lisilo na polisi. Halafu pirethroidi, kundi la lambda-sihalothrini na saipamethrini, haziishi nguvu siku ile ile. Zikishashika jani zinaendelea kuumiza nyigu wadogo na koksineli kwa wiki kadhaa, na mimi nilipiga kila wiki. Kwa hiyo mlinzi aliyejaribu kuingia kutoka kwa Koko alikufa mlangoni. Na wale viwavi wadogo wa kijani, watoto wa nondo wa kabichi, ndio hodari kabisa wa kuzoea dawa. Nondo huyo alishaizoea dawa ya DDT huko kisiwa cha Java mapema, miaka ya 1950. Mimi na kizibo changu cha pili tungemfanya nini?

Tuliketi ukingoni karibu na sombe za Koko, mihogo ya majani, akanisimulia habari niliyopaswa kuijua kama Mkongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, mdudu mweupe kama pamba aliyetoka Amerika ya Kusini, alionekana katika eneo la Kinshasa na Brazzaville, kisha akasambaa karibu Afrika yote inayolima muhogo. Majani ya juu yalijikunja, mashina yakadumaa. Hakuna serikali ingeweza kumpulizia dawa kila mkulima. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, wakamtafuta adui wake kwao, wakapata nyigu mdogo huko Paraguay, na kuanzia 1981 wakaanza kumwachia Nigeria, kisha nchi nyingine. Nyigu akafanya kazi. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kijana alisema jambo moja ambalo sijalisahau: nyigu yule alifaulu pia kwa sababu wakulima wa muhogo hawana pesa ya pompi. Nikamtazama Koko, akainua mabega.

Sasa nieleze kosa langu la tatu, maana baada ya mazungumzo yale nilijiona nimeokoka. Niliacha dawa siku ile ile, katikati ya msimu. Nilitegemea koksineli waje kesho. Hawakuja. Majani bado yalikuwa na sumu ya majuma yaliyopita, na hata bila sumu wangehitaji muda. Wiki ya kwanza vidukari waliongezeka. Ya pili wakaongezeka tena. Siku ya kumi na mbili nilinunua chupa, nikafika nayo hadi mtaroni, nikakaa juu ya bido, dumu la maji, nikilia, kwa sababu marejesho ya AVEC yalikuwa Jumapili na sikuwa na kitu. Mume wangu aliniuliza kama nimeanza dini mpya ya kuabudu wadudu. Hakusema kwa ubaya, ila iliniuma.

Wiki ya tatu iliposhika niliona ganda la kwanza la rangi ya mkate kwangu, kwenye safu ya kando, ile inayotazamana na Koko. Nililihesabu kila siku kama mtu anayehesabu pesa za kwanza. Lakini viwavi hawakusubiri, na nusu ya kabichi zile zilipotea. Anayetaka kubadili, asifanye katikati kama mimi. Aanze msimu mpya, na miche mipya ambayo haijaguswa na dawa hizo.

Kwa viwavi, kijana alinitafutia pakiti moja ya dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis. Hiyo haiui kwa kugusa: kiwavi lazima aile pamoja na jani. Nyigu, koksineli na buibui hawali majani, kwa hiyo inawapita. Hupigwa jioni kwa sababu jua linaiharibu, na chini ya jani, viwavi wakiwa bado wadogo. Hata hiyo ina bei yake: ukimuua kiwavi ambaye tayari ana mtoto wa nyigu tumboni, umewaua wote wawili. Ndiyo maana haipigwi kwa ratiba pia. Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walileta nyigu wa nondo wa kabichi kutoka Taiwan, na somo lilikuwa lile lile: mkulima anayeendelea kupiga sumu inayoua kila kitu hamwoni huyo nyigu shambani kwake.

Msimu C, kiangazi cha Juni, maji yakipungua bondeni, nilipanda nyanya. Nilikuwa nimeshajua kila kitu, si ndiyo? Utitiri mwekundu ukaingia, wale wanaofuma utando mwembamba chini ya jani na kuligeuza shaba. Muuzaji akanipa dawa ya kumwagilia miche, imidaklopridi, akasema hii haina tatizo kwa wadudu wazuri kwa kuwa iko ndani ya mmea, si juu. Nilimwuliza kijana kwa simu kabla ya kuimwaga, na ndiyo mara ya kwanza nilipouliza kabla ya kufanya. Akasema iko ndani ya mmea kweli, hadi kwenye maua na ndani ya kidukari anayenyonya, kwa hiyo anayekunywa ua lile au kumla kidukari yule anaionja. Tena utitiri si mdudu wa kuuawa na hiyo. Nikaiacha.

Lakini sikuuliza kuhusu dawa ya ukungu. Nyanya bila mankozebu huku kwetu ni kujidanganya, kwa hiyo nilipiga kila wiki, nikijua ukungu si mdudu. Kumbe kuna utitiri mwingine, mnyama mdogo anayekimbia haraka, anayewala wale wekundu, na mankozebu ikirudiwarudiwa inamdhuru. Pirethroidi ndiyo mbaya zaidi kwake. Nikimtazama kwa lenzi sasa namjua kwa mbio zake. Mkulima mwenzangu, mankozebu ipige mvua zinapokutisha kweli, si kwa sababu leo ni Jumamosi.

Kisha nikaingia wazimu wa “vitu vya asili”. Pareto, ua ambalo limelimwa miaka mingi kwenye milima ya Kivu, nilipata unga wake nikapuliza mchana. Asubuhi watoto wa koksineli walikuwa wamelala chali chini ya nyanya zangu. Tofauti yake na ile ya chupa ni kwamba jua huivunja haraka, kwa hiyo wengine waliweza kurudi mapema. Lakini aliyeguswa amekufa, na kwake asili haikumsaidia. Sabuni nayo: nilitumia omo ya kufulia, kwa kukisia, saa sita mchana, nikaunguza majani ya safu mbili nzima. Inayonifaa sasa ni sabuni ya maji isiyo na mapambo, vijiko viwili vya chai kwa lita, jioni, na napiga mmea mgonjwa tu. Inaua anayeloweshwa, ikikauka haina kazi tena. Kabla ya kupiga nageuza jani, nikikuta mamba wangu weusi nawahamisha kwa kijiti.

Koko naye, akitaka kunisaidia, aliniletea majani ya ule mti ambao wazee huyaponda na kulevya samaki.

“Hii inamaliza byote, mama. Lakini pompi usioshe mu mtaro, maji inashuka kwa watu.”

Nikamwuliza, kama inalevya samaki, koksineli atasalimika? Akafikiri. Akasema wao waliyatumia kwa maharage ghalani, hawakuwahi kuyapiga bustanini, labda sababu ndiyo hiyo. Majani tukayaacha juu ya jiwe.

Septemba 2022 nilianza upya na kabichi 1,000. Kati ya matuta niliacha mistari ya koryandre (giligilani) na seleri zitoe maua, na ukingoni sikung'oa kishona nguo chote, kwa sababu nyigu aliyekomaa na nzi wa maua wanakunywa utamu wa maua. Watoto wao tu ndio wala nyama. Mara mbili kwa wiki nilikagua mimea ishirini kwa kuzunguka, chini ya majani na moyoni. Nikikuta vidukari bila ganda hata moja wala mtoto wa koksineli, mmea huo unapata sabuni. Nikikuta maganda ni mengi, naondoka, hata kama vidukari wananitia kichefuchefu. Kuondoka ndiko kugumu. Mkono unataka kushika kitu.

Nilipiga bakteria mara mbili na sabuni kwa mimea michache, jumla dola 14. Msimu wa kwanza dawa peke yake zilikula dola 43. Kabichi zilizouzika zilikuwa 690. Zilikuwa na matundu madogo kwenye majani ya nje, na mama mmoja Nyawera alinipunguzia bei kwa sababu hiyo. Nilimpa. Deni la AVEC nililimaliza Januari, nimechelewa karibu mwaka mzima, na faini nimelipa.

Tatizo lililobaki liko juu yangu, upande wa kilima. Jirani wa huko bado anapiga, na hewa ikishuka jioni inaniletea. Sikumhubiria, nilikumbuka nilivyokuwa mimi na kizibo changu cha pili. Tumekubaliana kitu kidogo: ananipigia simu siku moja kabla, na anapiga alfajiri kabla upepo haujaamka. Mara mbili amesahau. Safu zangu tatu za juu hazina maganda kama za chini, na sijui nifanye nini nazo, pengine nitapanda vitunguu.

Na zile chupa mbili za mwisho, bado ninazo. Nimezifunga kwenye mfuko, zinaning'inia juu, kwenye paa la jiko, ambapo watoto hawafiki. Mtaroni siwezi kuzimwaga, ziwani ndiyo kabisa, na muuzaji amekataa kuzirudisha. Koko anasema nizizike. Kijana anasema hapana.